Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Kushirikiana kwa Ajili ya Watoto Wadogo



Pengine unasoma maneno haya ukikaa kwenye benchi la kituo cha afya, mtoto wako yuko magotini, nawe unangoja jina lake liitwe. Pengine umepewa kijitabu hiki kanisani baada ya ibada. Popote ulipo, Mulekera au Bungulu, Kimemi au Vulamba, Oicha au Mangina, tunataka kuzungumza nawe juu ya huyo mtoto aliye magotini. Dawa peke yake haiwezi kumkuza. Wewe peke yako huwezi kumkuza. Hata sisi wa hospitali, tukiwa peke yetu, hatuwezi.

Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mama aliyetafuta chawa katika nywele za mtoto wake anajua kwamba maneno hayo ni kweli kabisa. Kidole kimoja humsukuma chawa tu, naye hukimbilia upande mwingine wa kichwa. Lazima kidole cha pili kije kukutana na cha kwanza. Leo tutajifunza namna vidole vingi vinavyoweza kukutana kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 5.

MTOTO ANAHITAJI MAMBO MANGAPI?

Ukimwuliza mtu, "Mtoto mwenye afya ni yupi?" mara nyingi atajibu, "Ni yule asiyeugua." Jibu hilo ni jema, lakini halijafika mwisho. Mwinjilisti Luka, alipoeleza utoto wa Bwana Yesu, hakutaja kukua kwa mwili tu. Alitaja pia akili, na uhusiano wake na Mungu na watu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni, pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia, walitoa mafundisho juu ya malezi ya watoto wadogo, nao wakahesabu mambo matano. Yahesabu kwenye vidole vya mkono wako ili usiyasahau.

Kidole cha kwanza ni AFYA. Mtoto achanjwe, alale ndani ya chandarua, anywe maji safi, apelekwe kituoni upesi akishikwa na homa. Hapa Kongo mtoto huchanjwa akizaliwa, akingwe na kifua kikuu. Hurudi akiwa na majuma 6, majuma 10 na majuma 14. Hurudi tena akiwa na miezi 9 kwa ajili ya surua na homa ya manjano. Mama mwingine huacha baada ya mara ya kwanza kwa sababu mtoto alipata joto usiku ule. Usiache. Joto la usiku mmoja si kitu mbele ya surua.

Kidole cha pili ni CHAKULA. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto apewe ziwa la mama tu, bila maji, bila chai, bila uji. Baadaye ale uji mzito na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Bugali peke yake hushibisha tumbo lakini haijengi mwili. Ule ugonjwa wa miguu kuvimba, nywele kugeuka rangi na mtoto kukosa furaha, yaani kwashiorkor, ambao watu wengi wa Kivu huuita bwaki, huja mara nyingi mtoto akiachishwa ziwa kisha akalishwa bugali siku zote. Mpe maharagi, soja, karanga, yai, samaki wadogo, majani ya mboga, parachichi, ndizi. Unga wa masoso, wenye mahindi, soja na sorgo, ni mwema sana kwa uji wake.

Kidole cha tatu ni KUITIKIWA. Mtoto mchanga hajui kusema, lakini anazungumza. Hulia, hutazama, hucheka, hunyosha mkono. Mtu akimwitikia kwa macho, kwa sauti na kwa kumshika, ubongo wake unajengwa. Akiita siku nyingi bila kuitikiwa na mtu, mwishoni huacha kuita. Usifikiri kwamba mtoto mkimya sikuzote ni mtoto mwema. Pengine amechoka kungoja.

Kidole cha nne ni KUJIFUNZA. Pengine utasema, "Mtoto wa mwaka mmoja atajifunza nini?" Sikia habari hii. Katika mji wa Kingston, nchi ya Jamaica, miaka ya 1986 na 1987, watu wa afya walichukua watoto 129 wa maskini ambao walikuwa wafupi kwa kukosa chakula cha kutosha. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila juma, kwa muda wa miaka 2. Yule aliyewatembelea hakuwa daktari. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyomo nyumbani, na namna ya kuzungumza naye. Miaka 20 ikapita. Wale waliotembelewa na kuchezeshwa, walipokuwa watu wazima, walipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa robo nzima. Tazama, mchezo wa sufuria na mfuniko ulikuwa umeingia katika mshahara wa mtu mzima!

Kidole cha tano ni USALAMA. Mtoto asipigwe kwa hasira, asiachwe karibu na moto au kisima, asifichwe bila jina lake kuandikwa. Hapa kwetu neno hili ni zito. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa kwa mapanga na bunduki, na familia nyingi zimekimbia mashamba yao. Mtoto aliyekimbia usiku mgongoni mwa mama yake anakumbuka, ingawa hajui kueleza.

Sasa tazama mkono wako. Ni kidole gani ambacho ni cha hospitali peke yake? Hata kidole cha kwanza si chetu peke yetu, kwa maana maji safi hutoka kwenye chemchemi iliyotengenezwa, na homa huonekana nyumbani kabla ya kuonekana hospitalini. Chakula hutoka kwa mkulima na sokoni. Kujifunza huanza na mama, baba na koko, kisha hufika kwa mwalimu. Usalama unataka serikali, shefu wa kartye na jirani. Mtoto ni mmoja, lakini walinzi wake ni wengi. Walinzi hao wakikosa kujuana, mtoto atapita katikati yao na kuanguka.

EBOLA ILITUFUNDISHA NINI?

Hatutafuti mfano mbali. Tunao wetu, nasi tuliulipia kwa machozi.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imefika Mangina. Ikapita Beni, ikapita Butembo na Katwa, ikaingia Ituri. Ilipotangazwa kwamba imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa wake, na 2,287 walikuwa wamekufa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto.

Kwa nini watoto wengi hivyo? Sababu moja ni hii. Miezi ile ya mwisho wa 2018 malaria ilikuwa nyingi sana Beni. Mama aliona mtoto ana joto, akampeleka karibu, kwenye kituo kidogo cha dawa, mahali ambapo wagonjwa wengi walikaa chumba kimoja, na mara nyingine mikono haikunawiwa wala vyombo havikusafishwa vizuri. Mtoto aliingia na malaria, akatoka na Ebola. Mama alifanya kazi ya mama mwema. Alimtafutia mtoto wake dawa. Lakini wale wa malaria, wale wa Ebola na wenye vituo vidogo walikuwa hawajakaa pamoja, na mtoto akaanguka katikati yao.

Basi walikaa pamoja. Mwishoni mwa Novemba 2018 kazi kubwa ilianza Beni: watu walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa dawa ya malaria hata wale ambao hawakuwa wagonjwa, na vyandarua pia. Walikusudia kufikia watu kama 450,000. Kazi ile ililenga malaria, lakini ilipigana na Ebola vilevile. Homa zikipungua, watoto wanaokaa katika vyumba vile vya hatari hupungua, na waganga hupata nafasi ya kumtambua mgonjwa wa Ebola upesi. Kidole cha pili kilikuja kukutana na cha kwanza.

NYUMBA YA WATOTO KARIBU NA KITUO CHA EBOLA

Sasa sikia habari nyingine, ambayo tungependa kila Mkristo wa Beni na Butembo awasimulie watoto wake.

Mama akipatwa na Ebola hulazwa katika kituo, naye hawezi tena kumnyonyesha wala kumshika mtoto wake. Na mtoto je? Amekuwa karibu na ugonjwa, kwa hiyo lazima aangaliwe siku 21. Jirani wanaogopa kumpokea. Mara nyingine baba naye amelazwa au amekufa. Nani atamshika mtoto wa miezi 4 ambaye pengine ana Ebola? Ukimwacha kitandani peke yake umempa chakula na dawa, lakini vidole vingine vitatu umevikata. Mtoto mchanga asiyeshikwa na mtu hunyauka.

Jibu lilipatikana kwa wale waliopona. Mtu aliyepona Ebola ana kinga mwilini mwake, aweza kumshika mtoto kwa hofu ndogo kuliko mtu mwingine. Basi Wizara ya Afya na UNICEF, pamoja na watu wa hapa, walifungua nyumba za watoto karibu na vituo vya Ebola vya Beni na Butembo. Wanawake na wanaume waliopona ndio waliokuwa walezi. Waliwabeba watoto, wakawapa maziwa, wakawapima joto, wakawaimbia usiku. Wengi wao walikuwa wamefiwa na watoto wao wenyewe, au na waume au wake zao, kwa ugonjwa uleule.

Fikiri jambo hilo, ndugu. Mtu ambaye jirani zake walimkimbia, ambaye vitu vyake vilichomwa, ambaye alirudi katika nyumba tupu, huyo ndiye aliyekuwa na kitu ambacho madaktari wote wa Ulaya na Kinshasa hawakuwa nacho: mikono inayoweza kumshika mtoto bila kuogopa.

Hesabu waliokutana katika nyumba ile. Muganga aliyepima homa. Mtu wa chakula aliyetayarisha maziwa. Mtu wa huduma za jamii aliyetafuta ndugu wa mtoto. Mtu aliyefundishwa kutuliza mioyo. Mlezi aliyepona. Wachungaji na majirani waliotayarisha familia kumpokea mtoto siku 21 zilipokwisha. Vidole vyote vitano vilikuwapo chini ya paa moja. Huo ndio ushirikiano tunaousema. Neno ni refu, lakini kazi yenyewe ni mtu kumshika mtoto, na watu wengine kumsaidia yule anayeshika.

TUSIFICHE MAKOSA

Lakini tungekuwa waongo kama tungesema kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Unajua hayakwenda vizuri.

Magari mengi yalikuja. Fedha nyingi zilikuja. Watu wa Beni walisema, "Tangu 2014 tunauawa na hakuna aliyekuja mbio hivi. Leo mnakuja kwa sababu ya ugonjwa unaoweza kuwafikia ninyi pia." Desemba 2018 uchaguzi wa rais haukufanyika Beni wala Butembo, na sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na usalama. Moyo wa watu ulijaa uchungu. Februari 2019 vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Tena mwaka 2021 tume huru ilionyesha kwamba baadhi ya waliokuja kusaidia waliwadhulumu wanawake na wasichana, na watoto wakazaliwa kwa uovu huo.

Wakati macho yote yalipotazama Ebola, ugonjwa mwingine ulipita nyuma. Surua iliingia katika Kongo yote. Kufika Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ni zaidi ya mara mbili ya waliouawa na Ebola, na chanjo ya surua imekuwako tangu miaka ya 1960!

Tunajifunza nini? Tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, anayekuja kusaidia aanze kwa kusikia. Mama akilia njaa, usimhubirie sabuni tu. Mjibu juu ya njaa, kisha sema naye juu ya sabuni.

Pili, usiweke kidole kimoja kuwa mkono wote. Ukipigana na ugonjwa mmoja na kusahau mwingine, mtoto atakufa kwa ule uliousahau.

Tatu, ushirikiano usio na uaminifu ni jina tu. Fedha zihesabiwe mbele ya watu. Na mtu anayemdhulumu mwanamke au mtoto, hata akiwa mkubwa, hata akiwa wa kanisa letu, afikishwe mbele ya sheria. Kumficha ni kumdhulumu mtoto mara ya pili.

KILA MTU NA KAZI YAKE

Pengine sasa utauliza, "Mimi ni mtu mdogo. Nitafanya nini?" Tutakuonyesha. Tafuta jina lako katika maneno haya.

WEWE MAMA, na wewe koko unayekaa na wajukuu. Zungumza na mtoto unapomwosha na unapopika. Mwimbie. Mwonyeshe kuku, mwambie "kuku". Akiharisha, mpe serumu ya kunywa. Kama huna pakiti yake, chukua maji safi litre 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja kwanza: yasipite chumvi ya machozi. Endelea kumnyonyesha. Uliza kituoni vidonge vya zinki.

Ziko dalili ambazo haziruhusu kungoja: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya; hutapika kila kitu; ameshikwa na kifafa; analala sana wala haamki vizuri; anapumua mbio. Mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka 1 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifikisha mara 40, mpeleke sasa hivi. Usingoje asubuhi, usingoje baba arudi.

WEWE BABA. Tunakuona mara chache kwenye siku ya kupima watoto. Njoo. Fedha za mwezi ziko mkononi mwako, na mama akiomba ruhusa ya kwenda kituoni, dakika zinapita. Weka akiba ndogo ya nauli ya pikipiki mahali ambapo mama anapajua. Na jioni mchukue mtoto magotini. Mtoto anayemjua baba yake kwa sauti ya kucheza hukua vizuri kuliko anayemjua kwa sauti ya kugomba.

WEWE MCHUNGAJI na mzee wa kanisa. Watu wanakusikia kuliko wanavyotusikia sisi. Siku ya chanjo itangaze kabla ya mahubiri, wakati watu hawajachoka. Katika shule ya Jumapili, wadogo wa miaka 3 na 4 wasikalishwe kimya saa mbili; wape mkeka, nyimbo na vitu vya kushika. Wamama wa kanisa wafundishane kupika masoso. Unakumbuka wale wanaume wanne waliomfikisha yule mwenye kupooza kwa Yesu kupitia darini. Kila mmoja alishika pembe yake. Marko hatuambii majina yao wala nani alikuwa mbele. Labda ndiyo sababu walifika.

Na makanisa yasigombane juu ya nani atafanya. Miaka ya 1960 misheni kadhaa za Kiprotestanti zilikubali kujenga hospitali moja kubwa Nyankunde badala ya kila moja kujenga yake ndogo, na Dkt. Carl Becker wa Oicha alikuwa katikati ya kazi ile. Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa na wengi wakauawa. Waliookoka walitembea kwa miguu siku nyingi mpaka Oicha na Beni, na kazi ya kufundisha wauguzi ikaendelea Beni. Nyumba iliharibiwa, lakini ushirikiano ulitembea kwa miguu.

WEWE MWALIMU. Tangu 2019 serikali imeondoa ada katika shule za msingi za serikali, na madarasa yamejaa. Utajua upesi mtoto aliyekuja bila kula na mtoto anayeshtuka akisikia kelele. Usimpige kwa sababu ya kushtuka. Zungumza na wazazi, tena na kituo cha afya. Wafundishe wakubwa kunawa mikono, nao watawafundisha wadogo wao nyumbani.

WEWE MKULIMA na mwuza sokoni. Panda mstari mmoja wa soja kando ya mihogo. Mayai yote yasiende sokoni. Weka moja kwa ajili ya mtoto aliyeachishwa ziwa.

WEWE SHEFU WA KARTYE. Mtoto akizaliwa, mwambie baba yake aende kwenye ofisi ya komine kumwandikisha kabla ya siku 90 kupita. Mtoto asiye na karatasi hana umri mbele ya sheria. Ni rahisi kumwoza mapema, au kumwingiza katika jeshi la msituni, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha kwamba ni mtoto.

NA SISI WA HOSPITALI. Mama hatarudi mahali alipotukanwa, na kwa hiyo kumsema mama mbele ya wengine kwa sababu mtoto wake ni mchafu ni dhambi yetu. Tumkaribishe, tumwulize, tumsikie, ndipo tumfundishe.

NAMNA YA KUANZA KATIKA AVENI YAKO

Katika kila eneo la afya iko kamati inayoitwa CODESA, na katika mitaa wako watu wa kujitolea waitwao relais. Wengi wenu hamwajui. Waulizeni kituoni. Msiunde kamati mpya kama ya zamani inalala, iamsheni.

Kisha fanyeni hivi. Kutaneni watu watano au sita: mama mmoja, baba mmoja, mtu wa kanisa, mwalimu, mtu wa afya, mtu wa serikali. Mwe na daftari moja. Andikeni watoto wote wa chini ya miaka 5 katika aveni yenu, nyumba kwa nyumba, pamoja na watoto wa waliokimbia vita wanaokaa kwa ndugu zao. Hao husahauliwa kwanza.

Kwa kila mtoto ulizeni mambo matano, kwa vidole vitano. Je, amemaliza chanjo? Je, mkono wake una nyama? Mwenye utepe wa rangi aupime: kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, rangi nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11 na nusu, ni hatari, apelekwe kituoni siku ile; manjano, mpaka sentimeta 12 na nusu, ni onyo. Je, yuko mtu anayecheza naye? Je, anajifunza kitu? Je, ameandikishwa, tena analala mahali salama?

Tuseme mmepata watoto 40, na 9 kati yao hawajamaliza chanjo, na 14 hawana karatasi ya kuzaliwa. Msijaribu kufanya yote siku moja. Chagueni jambo moja, lipeni tarehe na jina la mtu. "Yule atawapeleka watoto 9 Jumanne." Mwezi ukiisha, fungueni daftari mbele ya wote, msome lililofanyika na lisilofanyika. Hivyo ndivyo uaminifu hujengwa, kwa daftari lililofunguliwa.

JIRANI AKINYAMAZA

Neno moja tena kabla hatujaagana. Oktoba 2021, katika eneo la afya la Butsili hapa Beni, mtoto wa kiume wa miaka kama 3 alikufa, na ikaonekana kwamba ni Ebola. Walipouliza vizuri, walisikia kwamba mwezi uliotangulia, kwa jirani, baba na watoto wake wawili walikufa, wala hawakupimwa. Vifo vitatu katika familia moja, na habari haikufika mahali pa kupima mpaka mtoto wa jirani alipokufa.

Hatusemi haya ili tumhukumu mtu. Waliofiwa walikuwa na huzuni ya kutosha. Lakini jiulize: kama vingetokea kando ya nyumba yako, nani angejua? Nani angesema, na angesema kwa nani? Mwaka ule watu walisimama upesi, kwa sababu walikuwa wamejifunza. Wagonjwa walihesabiwa 11, wakafa 9, na tarehe 16 Desemba ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Mwaka 2018 haukuisha hivyo.

Mtoto aliye magotini mwako ataitwa sasa hivi. Muganga atampima, atampa dawa, nawe utarudi nyumbani. Ukirudi, kabla ya kuweka karatasi yake sandukuni, ita jirani yako mmoja. Mwulize hivi: "Mtoto wako amemaliza chanjo?" Kama hajamaliza, mwambie utakwenda naye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Taja mambo matano ambayo mtoto anahitaji. Ni lipi linalosahauliwa zaidi nyumbani kwako?
2. Kwa nini kazi ya kugawa dawa ya malaria Beni mwaka 2018 ilisaidia kupigana na Ebola pia?
3. Katika kanisa lenu wako watu waliopona Ebola? Je, mnawakaribia au mnawakimbia? Mikono yao iliwafanyia watoto nini?
4. Nani katika aveni yenu angeshika daftari la watoto, naye akaaminiwa na wote?